Mgeni akija Nairobi, usikimbilie Lang'ata

Muulize mkazi yeyote wa Nairobi mgeni wa siku moja apelekwe wapi. Bila kufikiri sana atakutajia mahali palepale: Giraffe Centre akalishe twiga, Sheldrick akawaone ndama wa ndovu wakinyonya chupa, nyumba ya Karen Blixen akapige picha, mchana mlo wa nyama katika mkahawa mkubwa wa kule Lang'ata, na jioni Soko la Maasai akanunue shanga. Ratiba hiyo imo katika vitabu vya watalii tangu zamani, na sasa inasambaa upya kwenye simu. Hata watoto wa shule wakiletwa ziara ya jiji kutoka Machakos au Murang'a, basi lao hupinda kuelekea hukohuko.

Naipinga ratiba hiyo. Mtu anaweza kuimaliza yote bila kukanyaga Moi Avenue, bila kuvuka Mto Nairobi, bila kumsikia makanga akiita abiria wa Kayole, kisha akarudi kwao akasimulia kwamba ameiona Nairobi. Alichoona ni kipande cha kusini-magharibi, kando ya barabara mbili tatu. Jiji ambalo sensa ya 2019 ilihesabu ndani yake watu milioni 4.4 limempita dirishani.

Ukitaka kujua ratiba hiyo ilipata wapi nguvu, anza na saa za ndege. Mgeni hutua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, usiku au alfajiri, na ndege ndogo ya kumpeleka Maasai Mara huondokea Wilson, uwanja ulio kwenye barabara ya Lang'ata. Akimaliza mbuga hurudi kupitia Wilson, na ndege yake ya Ulaya huondoka JKIA usiku. Katikati kuna saa sita au saba za kujaza. Kampuni ya utalii inatafuta vituo vilivyo karibu, vyenye lango, tiketi, vyoo safi na nafasi ya kuegesha gari. Karen na Lang'ata zina vyote hivyo, tena bila msongamano wa magari wa katikati ya jiji. Mgeni anaamini amechaguliwa mahali bora. Kumbe amechaguliwa mahali rahisi.

Kuna sababu nyingine ya ndani zaidi. Chini ya ukoloni makazi ya Nairobi yaligawanywa kwa rangi. Wazungu walijitengea miinuko yenye miti na hewa safi, Wahindi wakakaa Ngara, Parklands na Eastleigh, na Waafrika wakasukumwa mashariki: Pumwani kwanza, baadaye Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Bahati. Sheria za kubagua zilifutwa, lakini ramani ya mtalii ilibaki kama ilivyokuwa. Bado inamtembeza mgeni katika Nairobi ya walowezi na wanyama, na bado inamwonya kwamba upande wa mashariki ni wa kuogopwa. Linaloniuma ni kwamba sisi wenyeji tumeipokea ramani hiyo na kuifanya yetu. Binamu akitoka Mombasa au Kisumu, shangazi akija likizo kutoka Toronto, tunampeleka kulekule, tunalipa viingilio, tunarudi nyumbani tukiamini tumemkirimu.

Kipimo changu cha kivutio cha jiji ni hiki: kingeweza kuhamishiwa Naivasha, Nanyuki au Arusha bila kupoteza chochote? Kama kingeweza, hakina haki ya kula saa za mgeni aliye Nairobi.

Kwa kipimo hicho, Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi inapita bila ubishi, na sifa zake zote inazistahili. Ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na humo faru anakula majani huku maghorofa ya jiji yakionekana nyuma yake. Upande wa kusini haina ua. Pundamilia na nyumbu walizoea kutoka na kuingia kwenye nyanda za Kitengela, njia ambayo kila mwaka inabanwa na nyumba na nyaya za ua. Reli ya kisasa inapita juu ya mbuga kwa nguzo. Hapo ndipo mahali pa kumwonyesha mgeni mabishano ya kweli ya jiji hili, kama watu na wanyama wataweza kuendelea kuishi ubavu kwa ubavu. Kuna pia eneo zilipochomwa pembe za ndovu, tani 12 mwaka 1989 kwa amri ya Rais Moi, na tani 105 mwaka 2016. Ingia langoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda na wanyama hawajajificha vichakani, na utawaona twiga wa Kimaasai wakitembea watakako, bila mtu kuwanyooshea chakula.

Giraffe Centre yenyewe ilianza kwa nia njema. Shirika linaloiendesha liliundwa mwaka 1979 ili kuwanusuru twiga wa aina ya Rothschild ambao walikuwa wamebaki wachache sana magharibi mwa Kenya, na kazi hiyo ilizaa matunda. Sheldrick nao wamelea mamia ya ndovu mayatima na kuwarudisha Tsavo. Sina ugomvi na kazi yao. Mwenye kutaka kuichangia aichangie. Ninachosema ni kwamba mgeni anapanga foleni ili alambwe mkono na twiga kwa dakika chache, au anasimama nyuma ya kamba kwa saa moja ya kuonyeshwa ndovu, na kwa hayo siku imekatika. Kama anakwenda Mara kesho yake, atawaona wote wawili bila kamba.

Nyumba ya Karen Blixen ndiyo ningeiondoa kwanza kwenye orodha.

Ni nyumba nzuri ya mawe iliyojengwa mwaka 1912, na bustani yake inatazama vilima vya Ngong. Blixen, mwandishi kutoka Denmark, aliishi humo kuanzia 1917 hadi 1931, akilima kahawa mahali palipo juu mno kwa kahawa, mpaka shamba likafilisika. Sifa ya nyumba inatokana zaidi na filamu ya mwaka 1985 waliyoigiza Meryl Streep na Robert Redford. Makumbusho yalifunguliwa mwaka uliofuata, na baadhi ya vitu unavyoonyeshwa ndani ni vile vilivyotumika katika filamu hiyo. Mgeni anatoka akijua mengi kuhusu mapenzi ya mwanamke wa Kidenmark na mwindaji wa Kiingereza. Kuhusu Wakikuyu walioishi kwenye ardhi hiyo kama maskwota, wakitoa siku zao za kazi kwa mwenye shamba ili waruhusiwe kulima na kulisha mifugo mahali palipokuwa pa baba zao, anatoka akijua machache. Blixen mwenyewe hakuwasahau. Kabla ya kuondoka alihangaika na maofisa wa serikali ili watu wa shamba lake wapewe mahali pa kuhamia pamoja badala ya kutawanywa. Hadithi ya familia hizo ndiyo kubwa kuliko zote katika nyumba ile. Siku itakapopewa chumba kizima, nitawapeleka wageni Karen kwa moyo mkunjufu.

Badala yake, mpeleke mgeni kwa Joseph Murumbi.

Katikati ya jiji, Moi Avenue, kuna jengo la kale la mawe ambalo hapo zamani lilikuwa benki. Kila Mnairobi analijua, kwa sababu ndilo tunalotumia kupatana: "Nitakungoja nje ya Archives." Maelfu husimama pale kila siku wakitazama saa, na wachache mno hugeuka kuingia. Ndani, kwenye ghorofa ya chini ya Nyaraka za Kitaifa, kuna mkusanyiko wa Murumbi: vinyago na barakoa kutoka Afrika Magharibi, nguo zilizofumwa kwa mkono, vito, silaha, ngoma, stempu, vitabu vya kale na picha za kuchora. Kiingilio ni kidogo. Saa mbili hazitoshi.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911, baba yake Mgoa, mama yake Mmaasai. Alisoma India, akaingia siasa za ukombozi, akakaa uhamishoni London miaka ambayo wenzake walifungwa, akarudi na kuwa waziri wa mambo ya nje, kisha makamu wa rais mwaka 1966. Mwaka huohuo akajiuzulu. Katika serikali ambamo wengi walikuwa wanakusanya mashamba, yeye alikusanya sanaa ya Afrika, na katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake ili ubaki nchini. Pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan alianzisha jumba la African Heritage mwaka 1972, wakati ambapo hapakuwa na mahali pengi jijini ambapo msanii Mwafrika angeweza kuonyesha kazi yake kwa heshima. Mtu wa namna hiyo, mtoto wa mabara mawili aliyechagua Afrika nzima, asingeweza kutokea mahali pengine isipokuwa Nairobi ya wakati ule. Kwangu yeye anamfafanulia mgeni jiji hili kuliko mlowezi yeyote.

Ukitoka mlangoni mwa Archives utamkuta Tom Mboya, waziri na kiongozi wa wafanyakazi, amesimama, sanamu iliyozinduliwa mwaka 2011. Hapo karibu, kwenye barabara hii hii iliyokuwa ikiitwa Government Road, ndipo alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka dukani, akiwa na umri wa miaka 38. Ndiye aliyepanga safari za ndege za wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza mwaka 1959 ilibeba wanafunzi 81. Mweleze mgeni hayo mkiwa mmesimama palepale, watu wakiwapita mbiombio kuelekea stejini, na nina hakika hatakuuliza tena habari za twiga.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi Bustani ya Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyepata zabuni kubwa wakati wa ujenzi wa Reli ya Uganda, aliitoa ardhi hiyo mwaka 1906 iwe bustani ya watu wote. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuijengea maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kuupinga, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akaunga mkono, na bustani ikanusurika. Nenda saa za chakula cha mchana. Utawakuta wahubiri wakipaza sauti, wapiga picha wakitafuta wateja, watu wamelala kwenye nyasi, na chini ya miti duara la wanaume na wanawake wachache wakijadili bajeti ya serikali kana kwamba wao ndio watakaoipitisha. Hilo ni Bunge la Mwananchi. Halina tiketi wala lango, na mgeni akitaka kuuliza swali ataruhusiwa kusema.

Wangari nimemtaja, na haitoshi kumtaja mara moja. Msitu wa Karura umekuwa maarufu, na vizuri hivyo. Familia zinatembea, vijana wanaendesha baiskeli, maporomoko ya maji na mapango yana wageni kila wikendi. Lakini wengi wanaoukanyaga hawajui kwamba Januari 1999 Wangari alipigwa na wahuni kwenye lango la msitu huo, alipokwenda kupanda miti kupinga ugavi wa ardhi yake kwa watu wenye nguvu. Na Uhuru Park, ambayo wageni huipita garini, ina Freedom Corner, kona ambako mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula wakidai watoto wao waachiliwe. Polisi walipowavamia, baadhi ya akina mama wale walivua nguo mbele yao. Walihamia kanisa la All Saints, ng'ambo ya barabara, na kukaa humo kwa muda mrefu wakiendelea kudai. Miaka mitatu kabla ya hapo Wangari alikuwa ameipigania bustani hiyohiyo isijengewe jumba la ghorofa 60 la chama tawala. Katika jiji hili, kila penye kivuli cha mti kuna mtu aliyeumizwa ili kivuli hicho kibaki. Mgeni anastahili kujua hilo.

Sasa chakula. Mkahawa wa Lang'ata una moto mkubwa, mishikaki mirefu kama mikuki, na wahudumu wanaozunguka wakikukatia nyama mezani mpaka ushindwe. Zamani ulivuma kwa nyama ya porini. Siku hizi nyama hiyo haiuzwi mikahawani Kenya. Kilichobaki ni mamba na mbuni wa kufugwa, na sifa ya zamani. Anayetaka kujua Wanairobi wanavyokula nyama aende Kenyatta Market adhuhuri. Unasimama mbele ya bucha, unachagua mbavu au mguu wa mbuzi, unapimiwa kilo zako, unakaa kwenye benchi na kungoja. Kungoja ni sehemu ya mlo. Hapo ndipo stori zinapoanza. Nyama inaletwa kwenye ubao, inakatwa mbele yako, chumvi imemwagwa pembeni, kachumbari na ugali vinafuata. Agiza na mutura kama una ujasiri. Vibanda vya jirani ni vya ususi, wanawake wamekaa wakisukwa nywele huku moshi wa nyama ukipita. Au nenda Burma, kando ya Jogoo Road, ambako wapenda kandanda hula kabla ya kwenda City Stadium. Bei itakuwa sehemu ndogo ya ile ya Lang'ata, na utakula na watu wa jiji.

Soko la Maasai halinisumbui sana, ila mgeni ajue anachonunua. Vitu vingi pale ni vilevile utakavyovikuta kila mahali wanapopita watalii Afrika Mashariki, na kabla hajafika kibandani atakuwa ameshapata dalali anayembebea mfuko na kujumlisha bei mwishoni. Kariokor ni bora. Huko utaona akina mama wakimalizia vyondo vya katani kwa mikanda ya ngozi, na mafundi wakikata viatu vya wazi kwa vipimo vya mguu wako. Mtaa huo ulianza na wapagazi wa Kikosi cha Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Sanamu yao, pamoja na ya askari, iko Kenyatta Avenue tangu mwaka 1928, na maandishi yake ya Kiswahili bado yanasomeka. Nunua kiondo Kariokor, kisha pita pale ukasome.

Kuna ziara moja ambayo siwezi kuizungumzia kwa utulivu, nayo ni ile ya Kibera. Mgeni aliyechoshwa na wanyama huuziwa umaskini. Anaambiwa ni mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, wenye watu milioni moja au zaidi, ingawa sensa ya 2009 ilihesabu watu takriban 170,000. Anaongozwa kwenye vichochoro, mama anayefua mbele ya mlango wake anapigwa picha bila kuombwa, watoto wanafundishwa kupunga mkono. Najua baadhi ya wanaoongoza ziara hizo ni vijana wa Kibera wenyewe, na wanatafuta riziki halali. Hilo halibadilishi kinachotendeka kwa yule mama. Mtu hafungui mlango wake ili awe maonyesho.

Anayetaka kuijua Kibera ana njia ya heshima. Aende Toi Market akiwa mteja, achambue mitumba, abishane bei kama sisi sote. Au amtafute mzee wa Kinubi amsimulie jinsi askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Mwingereza walivyokalishwa pale mwanzoni mwa karne ya 20 bila hati, na jinsi jamii yao ilivyongoja hadi mwaka 2017 kupewa hatimiliki ya ekari 288. Kwa njia hiyo atakutana na watu wenye historia na kesi mahakamani.

Nitaambiwa habari za usalama. Ni kweli kwamba katikati ya jiji kuna wezi wa mifukoni, na balozi za nje huonya raia wao kuhusu mitaa kadhaa, hasa baada ya mabomu ya Agosti 1998 na shambulio la Westgate la 2013. Basi fanya wanavyofanya Wanairobi: tembea mchana, simu iwe mfukoni, usibebe usichokihitaji, na uwe na mwenyeji. Ukiweza, panda pia matatu. Zile nganya za Rongai zilizochorwa nyuso za wachezaji na wanamuziki, muziki ukitikisa vioo, ni sanaa inayotengenezwa upya kila mwaka na vijana wa jiji hili kwa pesa zao wenyewe, na nauli yake ni ndogo kuliko kiingilio cha kivutio chochote nilichokitaja.

Mawili yapite haraka. Paa la KICC, jumba lililokamilika mwaka 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, ni la watalii na bado linafaa. Ukiwa juu utauona kwa macho mgawanyiko niliousema, kijani magharibi na mabati mashariki. Na Makumbusho ya Kitaifa, ambayo wengi huiacha kwa kudhani ni ya wanafunzi, ina mabaki ya yule kijana wa Turkana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Aliyeyagundua mwaka 1984 ni Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho ambalo wanasayansi wa dunia nzima walilitegemea. Jina lake linapaswa kujulikana angalau kama la Karen Blixen.

Makumbusho ya Reli nayo yananifanya nishangae kila ninapoona uwanja wake mtupu. Nairobi isingekuwapo bila reli. Hapa palikuwa bwawa tu mpaka njia ya reli ilipofika mwaka 1899 na wahandisi wakaamua kuweka karakana yao kabla ya kupanda milima. Nyuma ya stesheni ya zamani limesimama behewa ambalo mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia na kumburuta afisa wa polisi Charles Ryall dirishani. Limesimama pia dubwana la chuma liitwalo Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kuvuta mizigo kutoka Mombasa. Watoto wanapanda juu yake na kushika vyuma kwa mikono yao. Shule zinazolipa pesa nyingi kuwapeleka watoto wakaone twiga zingeleta darasa zima hapa kwa gharama ndogo, na kila mtoto angerudi akijua kwa nini babu yake alihamia jijini.

Nimeiacha Kaloleni mwisho kwa sababu ndiyo yenye haraka. Ilijengwa katika miaka ya 1940, sehemu yake kwa mikono ya mateka wa vita wa Kitaliano, na tofauti na mabweni ya vibarua ya wakati ule, ilipangwa kwa ajili ya familia za Kiafrika: nyumba za mawe za chini, nyasi na miti katikati, na ukumbi wa jamii kama kitovu. Katika ukumbi huo wanasiasa waliwahutubia wafanyakazi wa reli na wa manispaa miaka ya kudai uhuru, mpaka wenyeji wakaupa jina la utani "House of Commons". Maktaba ndogo ya mtaa, tawi la ile McMillan ya katikati ya jiji ambayo kwa miongo yake ya kwanza haikumruhusu Mwafrika kuingia, imekarabatiwa katika miaka ya karibuni na shirika la Book Bunk, na watoto wanaisomea. Hakuna kampuni kubwa ya utalii inayopeleka basi huko.

Mitaa ya kizazi hicho inaondoka mmoja baada ya mwingine kupisha maghorofa. Nyumba za zamani za Pangani zimeshabomolewa. Sipingi watu kujengewa nyumba bora, maana wakazi wa Eastlands wameishi na mabomba makavu na mitaro iliyoziba kwa muda mrefu mno. Lakini serikali ya kaunti ikijua kwamba ukumbi wa Kaloleni una wageni, una vitabu vya kutia sahihi, una shule zinazokuja kila muhula, itafikiri mara mbili kabla ya kuuchora nje ya ramani. Basi mgeni wako akifika Desemba hii, mpandishe matatu ya Jogoo Road asubuhi, mshuke karibu na City Stadium, mwulize mtu yeyote ukumbi uko wapi, na mkimaliza mkavuke kwenda Burma kula.